Mlango Alioupita Mara Tatu

Omariba alikuwa mtu wa mitaro. Si mchumaji wa majani chai, na ukimwita mchumaji alikuwa ananuna mpaka jioni. Mchumaji, alisema, akiona mvua anakimbilia kibandani. Mtu wa mitaro akiona mvua ndiyo anavaa gambuti atoke. Kwa miaka thelathini na mmoja alifanya kazi kwenye shamba kubwa la chai upande wa Kericho, na kazi yake ilikuwa hiyo moja, kuhakikisha maji hayalali kwenye mizizi. Chai inapenda mvua lakini haipendi kusimama ndani ya maji, na huko, kama hujawahi kufika, mvua hunyesha karibu kila siku baada ya chakula cha mchana. Sasa niambie wewe, mtu kama huyo atapata likizo lini?

Hiyo ndiyo sababu aliyokuwa akiwapa watu. Kwao ni upande wa Nyamira, ukishavuka Sotik, mahali ambapo ukitoka Litein, mji wa karibu na shamba, asubuhi unafika kabla ya chai ya saa nne. Si Marekani. Huko alikuwa na mke, Nyambeki, na binti mmoja, Nyamoita, na mashina mia nne ya chai waliyopanda yeye na mkewe mwaka ule waliooana. Mwanzoni alikuwa anaenda kila mwisho wa mwezi. Halafu ikawa Krismasi na Pasaka. Halafu Krismasi peke yake. Halafu, wacha tu.

Siku alipostaafu na kurudisha funguo za nyumba ya kambi, mtu mwingine yeyote angefunga godoro lake juu ya gari aende nyumbani. Omariba alifunga godoro akaenda Litein, akakodi chumba kimoja nyuma ya soko. Wenzake walimwuliza, "Omariba, wewe huna kwenu?" Akawaambia anasubiri mvua ipungue.

Chumba kilikuwa na kiti kimoja, kikombe kimoja na redio. Mwenye ploti, Janeffer, mama mpole wa Kikipsigis, alikuwa akimsalimia kila asubuhi, "Chamgei, mzee," naye akijibu, "Chamgei mising," na Jumapili nyingine hayo ndiyo yalikuwa maneno yote yaliyomtoka siku nzima. Alikuwa akipika ugali akausonga mwingi kwa mazoea, kisha uliobaki akaula baridi asubuhi. Alikuwa mpweke, na upweke wenyewe ulimuuma, na alijua mwenye kosa ni nani. Kwa hivyo hakuufikiria.

Ndipo wakaja Wachina wa barabara. Walikuwa wanaweka makalavati, yale mabomba makubwa ya kupitishia maji, kwenye barabara ya kwenda Roret, na walitaka watu wanaojua maji. Omariba alienda siku ya kwanza akasimama kando, mikono nyuma, akiangalia vijana wakichimba. Alistahimili dakika kumi. "Hapo mnachimba kisima au mtaro?" akauliza. Msimamizi wao, Lin, mwanamume wa miaka hamsini hivi mwenye kofia ya majani, alikuja akaangalia mahali Omariba alipoonyesha kwa fimbo, akaangalia mteremko, akampa jembe. Tangu siku hiyo walikuwa wawili.

Lin alikuwa amekaa Kenya miaka sita na Kiswahili chake kilikuwa cha kazini, maneno ya mawe, saruji, leta na haraka. Kilipomwishia alizungumza na simu yake, na simu ikatafsiri, ikamwambia Omariba mambo, mengine ya ajabu kabisa. Mvua ikizidi walikaa chini ya turubai wakinywa chai, Lin yake kavu isiyo na maziwa wala sukari, Omariba akimhurumia waziwazi. Ni kwa sababu ya chai hiyo hadithi zilianza.

Lin aliuliza kama anajua nani aliyekuwa wa kwanza kunywa chai. Omariba akasema ni Mzungu aliyefungua shamba. Lin alicheka mpaka akamwaga kikombe. La, alisema, zamani sana kwao kulikuwa na mfalme aliyeitwa Shennong, aliyefundisha watu kulima. Alikuwa akionja kila mmea ili ajue upi ni chakula na upi ni sumu. Siku moja alikula sumu mara sabini, na kilichomponya kila mara kilikuwa jani la chai. "Mara sabini!" Omariba alisema. "Huyo alikuwa na tumbo au pipa?" Lakini usoni alifurahi. Miaka thelathini na mmoja kwenye majani hayo, na hakuna nyapara aliyewahi kuwaambia kwamba aliyeyaanza alikuwa shujaa.

Mwingine ndiye aliyemshika moyo. Huyu aliitwa Yu. Dunia ilikuwa imejaa mafuriko, watu wakiishi juu ya milima pamoja na wanyama. Baba yake Yu alipewa kazi ya kuyazuia, akajenga kuta miaka tisa, na maji yakazivunja zote. Yu akafanya tofauti. Hakujenga ukuta. Alichukua jembe akayachimbia maji njia mpaka baharini.

"Mitaro!" Omariba alisimama kabisa. "Alichimba mitaro!"

"Mitaro," Lin alikubali. "Miaka kumi na tatu. Miguu kuoza, nywele hapana. Mara tatu pita nyumba yake. Mara moja sikia mke nalia, mtoto nazaliwa. Mara mbili mtoto naita. Mara tatu mtoto navuta nguo. Yu hapana ingia. Maji kwanza. Yeye baadaye mfalme mkubwa." Kisha akamgusa Omariba kifuani kwa kidole. "Wewe Yu."

Siku hiyo Omariba alirudi chumbani akipiga mluzi.

Kwa maana yeye pia alikuwa amepita, na mara hizo hizo tatu. Shamba lilikuwa linatuma lori kuchukua mawe Keroka, na barabara inapita chini ya boma lake. Mara ya kwanza Nyambeki alikuwa amejifungua usiku wa kuamkia siku hiyo. Jirani alisimamisha lori kumwambia, na dereva akasema mawingu hayo, twende, mitaro iko wazi. Omariba alimpa jirani mkate na sabuni apeleke. Mara ya pili upepo ulikuwa umeng'oa mabati ya jikoni, Nyambeki amesimama uani na mtoto mgongoni, na Omariba akapunga mkono juu ya lori. Kulikuwa na mvua pia siku hiyo. Mara ya tatu, basi, ilikuwa mvua vilevile. Ndivyo alivyokuwa akijiambia.

Alijitembeza na Yu wake wiki nzima. Alimsimulia Janeffer, aliyesema "Ooh" na kuendelea kuosha madebe ya maziwa. Kwa mara ya kwanza ule ugali wa baridi ulikuwa na heshima ndani yake.

Halafu Nyamoita akapiga simu. Alikuwa mwalimu wa chekechea sasa, miaka ishirini na saba, na hakuwa mtu wa kupiga kupiga.

"Baba, wageni wangu wanakuja Jumamosi ijayo. Watu wa kijana anayetaka kunioa."

"Hongera, mama."

"Kiti chako kitawekwa. Mama amesema kiwekwe. Kama huji, niambie sasa, baba mdogo akikalie. Sitaki kiti kitupu mbele ya watu."

"Mvua ikikubali," Omariba alisema, kwa mazoea tu, na simu ikakatwa.

Alikaa nayo mkononi. Binti anapoletewa wageni, baba ndiye anayekaa pale na kuulizwa kama anawajua watu hawa. Akikaa mwingine wakati baba yu hai, saa mbili kutoka hapo, basi tena. Hakuna atakayemfukuza, lakini hatakuwa na mahali. Alijua hivyo. Na bado Ijumaa ilimkuta kwenye kalavati, akimweleza Lin kwa sauti ya juu kwamba kazi haiwezi kuachwa nusu, kwamba hata Yu mwenyewe hakuingia.

Lin alimsikiliza mpaka mwisho. Akavua kofia.

"Hadithi bado," alisema. Akaongea na simu kwa muda mrefu, polepole, na simu ikatoa sauti yake ile isiyo na huruma. Yu alikuwa na mke. Walikaa siku nne baada ya harusi kisha akaondoka. Mke akatunga wimbo wa kumngojea mtu wake. Ili kupasua mlima, Yu alijigeuza dubu, na mke alikuwa akimpelekea chakula kazini akisikia Yu amepiga ngoma. Siku moja jiwe lililoruka likapiga ngoma kwa bahati mbaya. Mke akaja, akaona dubu akichimba. Akakimbia. Yu akamfuata, na mke akageuka jiwe. Yu akapiga kelele, nipe mtoto wangu, na jiwe likapasuka na mtoto akatoka.

"Lakini ulisema mtoto alizaliwa nyumbani," Omariba alisema.

"Bibi yangu nasimulia hivi, nasimulia hivyo pia. Usiulize." Lin alivaa kofia tena. "Mimi soma shule, shule nasema mara tatu mlango, shujaa. Bibi nasema jiwe." Akachukua jembe la Omariba, akaliweka ndani ya gari lake. "Kesho kalavati hapana kazi."

Jumamosi alishuka pale chini ya boma akiwa na koti la kanisani lililonuka kabati. Kulikuwa na jua kali, hakuna hata dalili ya mvua. Nyambeki alikuwa uani na akina mama wengine, amenenepa kidogo, kitambaa cha kichwa kipya. Alijifuta mkono akamnyooshea.

"Karibu, mzee."

Hivyo ndivyo mtu anavyokaribisha mgeni yeyote. Alimpeleka kwenye kiti chake akarudi kwa sufuria zake.

Mambo ya wageni yalienda vizuri. Omariba aliulizwa kama anawajua watu hawa, akamgeukia Nyamoita, naye Nyamoita akasema anawajua yeye, na watu wakacheka na kupiga makofi. Baba mdogo hata alimpiga begani. Katikati ya chakula Omariba alitoka kwenda nyuma ya jikoni, na huko akauona mtaro. Ulikuwa umechimbwa vibaya, Mungu amsamehe aliyechimba, mfupi, umekata kona pasipo na kona, na kwenye ukuta wa jikoni kulikuwa na alama ya maji kimo cha goti.

"Nani alichimba hii kitu?" alimwuliza Nyamoita aliyekuja na sahani.

"Mama. Nilikuwa darasa la tatu. Kila mwaka unajaa, kila mwaka anauchimba upya."

Omariba hakula tena. Maji ya watu aliyachimbia njia miaka thelathini na mmoja, na ya kwake yalikuwa yanalala jikoni. Aliona aibu mpaka masikio yakamchemka.

Saa kumi wageni waliondoka, Nyamoita akawasindikiza barabarani. Mawingu yalikuwa yameanza kukusanyika upande wa Sotik. Walibaki wawili sebuleni na birika.

"Wewe ni wa sukari ama bila?" Nyambeki aliuliza.

Omariba alimwangalia. Hakuwa anamkejeli. Hakujua tu.

"Vijiko viwili," alisema. "Na wewe?"

"Niliacha. Daktari alinikataza. Sasa ni mwaka wa nane."

Omariba naye hakujua hilo. Alikoroga chai muda mrefu kuliko inavyohitaji, halafu, kwa vile hakuwa na kitu kingine cha kumletea, akamsimulia Yu. Mafuriko, jembe, mlango mara tatu. Nyambeki alisikiliza kwa adabu.

"Mara mbili zile kulikuwa na mvua," Omariba alisema. "Ya tatu haikuwa na mvua. Ilikuwa Januari. Nilikuwa na siku nzima, hakuna lori. Nilifika pale dukani chini ya boma, nikaogopa kupanda huku. Nilikuwa nimekaa sana bila kuja. Sikujua ningesema nini."

"Najua," Nyambeki alisema. "Nilikuona."

"Uliniona?"

"Kutoka hapo mlangoni. Ulikunywa soda, ukakaa kwa kreti, ukaangalia huku. Nilisonga ugali wa watu watatu. Halafu ukapanda gari." Alisema hivyo bila hasira, na hilo ndilo lililomwumiza zaidi. "Na huyo mke wa Mchina wako alipatwa na nini?"

"Aligeuka jiwe."

Nyambeki alicheka, kicheko cha kweli, mpaka akaweka kikombe chini. "Jiwe! Nani angechuma majani? Nani angempeleka mtoto shule? Hayo ya jiwe, ni mwanamume aliyeyasema." Kisha kicheko kikaisha. "Ningependa sana kugeuka jiwe, Omariba. Miaka mingine ningependa sana. Sikupata nafasi."

Matone ya kwanza yaligonga mabati. Nyambeki alitazama juu, kisha upande wa jikoni, kama mtu anayejua maji yataingilia wapi. Akasema gari la mwisho la Litein hupita saa kumi na moja.

Omariba alisimama. Alivua koti la kanisani, akalitundika kwenye kiti, akakunja suruali.

"Jembe liko wapi?"

"Mahali linapokaa siku zote."

Alitoka. Akaangalia nyuma ya jikoni, halipo. Akaangalia kwenye banda la ng'ombe, kisha chini ya ghala, mvua ikimlowesha shati. Barabarani chini gari lilipiga honi, likapunguza mwendo, likasubiri kidogo, likaenda. Alizunguka uani mara mbili. Mwenye boma mzima, na hakujua jembe lake linalala wapi.

Alirudi akasimama nje ya mlango uliokuwa wazi, maji yakimtiririka usoni.

"Nyambeki," aliita, kwa jina, kama alivyokuwa akimwita mwaka ule wa kupanda chai. "Silijui. Nionyeshe."

Ndani, kijiko kiligonga kikombe. Hakujibiwa upesi, naye hakuingia wala hakuondoka.