Ziwa Nyuma ya Ukuta

"Sasa nani ameshinda?"

Nimeulizwa swali hilo tangu siku ya kwanza nilipokunjua mchezo wangu mbele ya watu, na naulizwa hadi leo meno yamebaki machache. Zamani nilikuwa naeleza. Nilieleza kwa upole, baadaye kwa hasira, baadaye kwa kuchora chini na kijiti. Siku hizi namwambia anayeuliza kwamba ameshinda yeye. Anafurahi, tunakunja, naenda kuanika mpunga.

Kuna vijana walinifuata kutoka Dar es Salaam na vinasa sauti vyao. Wananiita mbunifu wa michezo, na wanataka niwaambie mtu anaishije kwa kazi hii. Sikuishi kwa kazi hii. Niliishi kwa mpunga na ndizi kama kila mtu wa Ngonga, na kazi hii ikala muda ambao ningelala. Niliwaambia hivyo wakacheka, wakidhani natania.

Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara imefunguliwa. Maduka ya Mbugani yalijaa sabuni na redio, na kila mwenye miguu alikuwa njiani kwenda Malawi au kurudi. Ofisi niliyokuwa karani ilifungwa, tukaambiwa tujitegemee. Mume wangu alijitegemea kwa kuvuka mto Songwe na mitumba, huko ng'ambo kwa shangazi zake. Mimi nikarudi kwao Ngonga kulima. Mchana nalima, jioni nakata maboksi.

Mchezo niliuita Ng'ambo. Ubao wake ulikuwa upande wa boksi la sabuni, nimechora ziwa na vijiji vya pembeni. Kila mchezaji anajitungia mtu: ana kazi gani, anaogopa nini, amebeba nini. Halafu anaweka moyoni kitu ambacho mtu wake anakifuata ng'ambo, na hakitaji. Mchezaji mmoja hana mtu. Yeye ni Ziwa. Ziwa ndiye anayesimulia upepo umetoka wapi, nani amesimama ufukweni, mtumbwi umeanza kuvuja wapi. Wewe unasema mtu wako anafanya nini, na jambo likiwa la bahati, unarusha dadu. Ukifika ng'ambo unasema ulifuata nini. Wote wakifika, mchezo umekwisha. Hakuna wa kwanza wala wa mwisho.

Ila sikuwahi kuuona ukiisha. Hilo ndilo lililoninyima usingizi miaka ile, si njaa. Mchezo ambao haujafika mwisho hata mara moja huwezi kusema umeutengeneza. Ni kama chungu ambacho hakijachomwa. Kinapendeza, lakini usikitie maji. Nilitaka mtu mmoja tu afike, nisikie inakuwaje.

Nilijaribu kwa wafanyabiashara wa Mbugani, kwenye baraza za maduka. Walikuwa wachezaji wazuri kupita wote, maana uongo ndio kazi yao. Lakini likipiga honi lori la mpakani, baraza linabaki tupu, na watu wao wameachwa katikati ya maji. Nilijaribu kwa kina mama wa kwaya. Hao walinifundisha kosa langu kubwa. Mtu wa mmoja wao alizama, dadu ilikuwa mbaya, nami kama Ziwa nikasimulia vizuri kabisa jinsi alivyozama. Aliyefuata nikampa dadu, akakataa kuipokea.

"Mtu amekufa nawe unatuambia turushe?" aliniuliza. "Tunavukaje na hajazikwa?"

Wakaweka msiba. Walikaa chini, wakafunga khanga viunoni, na mwenye marehemu akalia machozi ya kweli. Tulimaliza jioni nzima tukiomboleza mbegu ya kakao, kwa kuwa nilitumia mbegu za kakao kuwa watu. Kesho yake nikaandika kanuni ya msiba: akifa mmoja, mitumbwi yote inarudi ufukweni. Kanuni hiyo ilirefusha mchezo vibaya sana, lakini bila hiyo hapa kwetu haungechezeka.

Baadaye panya walikula watu wote, nikahamia kwenye vizibo vya soda. Wageni wa nyumba za kulala Matema waliupenda, wakaupiga picha, wakaniomba nisogee upande ili ziwa la kweli lionekane. Mwenye mtambo wa kuchapa kule Mbeya alisema atauchapa nikiweka mshindi na noti za karatasi. Nilirudi na ubao wangu kwapani. Wakati huohuo madukani ziliingia ludo za plastiki zenye rangi, na hizo zina mshindi.

Nilikuwa nimechoka, nasema kweli. Nilikuwa nimefikiria kuutumia ubao ule kufunika mtungi.

Sasa niseme habari za baba mkwe. Alihamia kwetu miguu ilipomkataa. Na kwetu mkamwana hakutani na baba mkwe. Hamtazami, hakai naye chumba kimoja, hatamki jina lake, na akimwona anakuja njiani anaingia migombani mpaka apite. Kanisani walitufundisha kwamba hayo yamepitwa na wakati. Tuliitikia amina, kisha tukatoka yeye kwa mlango huu, mimi kwa mlango ule.

Nyumba tuliikata katikati kwa ukuta wa mianzi, mbele yeye, nyuma mimi. Chakula nilikiweka mlangoni kwake, nakohoa, naondoka. Sahani naikuta palepale. Mume wangu akiwa safarini, na alikuwa safarini karibu mwaka mzima, ndani ya nyumba ile tulikuwa watu wawili tusiosemeshana kabisa. Nilimjua kwa kikohozi chake na kwa namna alivyoburuza kigoda.

Jioni moja kina mama walikuwa wakicheza upande wangu. Zikaja habari za msiba, wa kweli safari hii, wakainuka wote. Nilibaki nakusanya vizibo, nimekasirika, na nikajionea aibu kwa kukasirikia msiba. Ndipo sauti ikatoka upande wa pili.

"Ziwa. Mimi nina mtu."

Mzee alikuwa amesikiliza kupitia mianzi muda wote huo. Na hakuniita mimi. Aliliita Ziwa, na kuongea na ziwa hakuna mkwe aliyewahi kukatazwa. Nikasema, "Ziwa linasikia."

"Ni kijana. Ana miguu mizuri. Anapeleka vyungu vya Wakisi ng'ambo. Anaogopa mamba tu."

Nilipenyeza dadu moja chini ya ukuta. Ubao hakuuhitaji, ziwa alilijua kuliko mimi. Alirusha, akataja namba aliyoipata, nami sikuweza kuiona. Lakini hakudanganya. Mara nyingi alijitajia namba mbaya tupu, na sauti yake ilikuwa imechangamka.

Tulicheza karibu kila jioni baada ya chakula. Alikuwa mchezaji niliyemtafuta miaka yote: hakimbilii lori, hakimbilii mtu. Kijana wake alisahihisha ziwa langu. "Upepo huo, Ziwa, hautoki huko msimu wa kupanda," angesema, nami nageuza upepo. Alimpa kijana nyimbo, akampa marafiki Matema, akampa utani. Nilicheka kwa mkono mdomoni, maana Ziwa halicheki. Nilifurahi sana. Nilijua huyu atafika.

Akakaribia. Alikuwa ameuona ufukwe wa ng'ambo, amehesabu moshi wa majiko. Kisha akasema, "Nimesahau kamba. Narudi."

Sawa, amesahau kamba. Aliporudi mara ya pili akaona kasia lina ufa. Mara nyingine chungu kimevunjika, na mtu hapeleki mzigo pungufu. Mara nyingine akakumbuka kuna msiba Ngonga, akaniambia kanuni ni yangu mwenyewe. Kila alipobakiza kurusha dadu mara moja, kijana yule mwenye miguu mizuri aligeuza mtumbwi.

Nilianza kumchukia, nisifiche. Niliona ananichezea. Mchana kutwa nikipanda mpunga, maji magotini, nilibishana naye kichwani: kwa nini hufiki, mzee? Unakosa nini? Umebakiza mapigo matatu ya kasia. Ningemuuliza, lakini Ziwa halina mamlaka ya kumuuliza mtu safari yake, na mimi mwenyewe sikuwa na mdomo mbele yake.

Mume wangu aliporudi na kutukuta hivyo alicheka hadi akakaa chini. Yeye alikuwa mtu wa kisasa, ameona miji. "Mambo ya zamani haya," alisema. "Mtu na mkwewe wanapigiana kelele ukutani kama wauza samaki?" Akaongea na mzee, mzee akakubali, akanitolea kitenge kuwa ishara kwamba nimeruhusiwa kuonekana. Nikajifunga kitenge kile. Nikaingia chumba cha mbele kwa mara ya kwanza tangu alipohamia, nikaketi mkekani, ubao katikati yetu.

Nilimwona. Alikuwa mdogo kuliko sauti yake. Alitazama vidole vya miguu yake, mimi nikatazama ziwa langu la boksi.

"Haya, chezeni," alisema mume wangu.

Nikafungua kinywa nisimulie upepo, upepo haukuja. Mzee akarusha dadu, ikabingirika hadi kwenye goti langu, na hakuna aliyeinama kuiokota. Mwisho mzee akamgeukia mwanawe.

"Mwambie mwenzio arudi nyuma," alisema taratibu. "Mtu wangu bado yuko majini."

Nilirudi nyuma ya mianzi. Kabla sijaketi vizuri nikamsikia: "Ziwa, maji yakoje leo?" Furaha iliyokuwamo katika sauti ile ndiyo iliyonifungua macho. Kijana akifika mchezo unaisha, na mchezo ukiisha mzee anarudi kwenye kikohozi na kigoda chake. Kumbe mimi nataka mwisho, naye mwisho ndicho kitu pekee anachokikimbia. Niliona huruma, na hasira haikwisha yote. Vyote viwili vilikaa pamoja. Tangu hapo akisema amesahau kamba, nilimwambia kamba iko ufukweni, aifuate tu.

Ikaendelea hivyo mpaka mwaka ambao hakuweza tena kuburuza kigoda. Kikohozi kilibadilika. Mume wangu aliitwa, akaja, akazungumza na watu wa gari la kumpeleka hospitali kesho yake. Jioni hiyo nilidhani hatutacheza. Nilikuwa nachambua mchele, nikasikia dadu.

"Ziwa."

"Ziwa linasikia."

"Leo nafika."

Miaka yote ile nilikuwa nikilisubiri neno hilo. Nilikuwa nimeandaa hata namna ya kusimulia: mchanga, watoto wanaopokea kamba, harufu ya samaki. Na nilipofungua kinywa nikasema, "Upepo umegeuka. Mawimbi yamekuwa makubwa. Kijana hawezi kushuka."

Akacheka, na kucheka kukawa kikohozi, nikangoja kiishe.

"Mimi nimechoka, nawe umechoka," alisema. "Tulia nishuke."

Nikatulia. Nilisimulia mchanga, nikasimulia watoto na kamba, machozi yakidondokea mchele. Mtumbwi uligusa ufukwe. Nikamuuliza kama kanuni inavyotaka, "Kijana, ulifuata nini ng'ambo?"

"Chumvi," akasema. "Nyumbani ninapokula wanapika vizuri, ila hawatii chumvi ya kutosha. Na sikuwa na wa kumwambia."

Niliziba uso kwa khanga, nacheka na kulia kwa pamoja. Kisha nikaenda jikoni, nikarudisha mboga motoni, nikatia chumvi hadi mimi mwenyewe nikaona imezidi. Nikaweka sahani mlangoni kwake, nikakohoa, nikaondoka.

Nilipoifuata ilikuwa tupu, imefutwa kwa ugali. Nilikuwa nimeinama kuiokota, pazia la mlango wake likiwa limeshuka katikati yetu.

"Ndaga, mwanangu," alisema, akinishukuru kwa lugha ya kwetu.

Nilisimama pale na sahani mkononi. Hakuwa ameniita Ziwa.