Nilipiga Hodi Mulima Ukishuka

Nyumba ya kumbukumbu iko juu kidogo ya barabara ya Nyamitaba, mahali mulima ulishuka na kufunika manyumba ya watu, mama yangu angali musichana. Nilifikiri sisi wanafunzi tutakuta picha za kuliza watu. Kumbe kitu cha kwanza ni sufuria iliyobanwa bapa kama chapati, na kando yake mulango wa mbao uliochimbuliwa muzima katika udongo, kufuli ingali imefungwa.

Mama aliyetuongoza ni mulimaji wa pale pale. Alitupeleka kwenye mulima mudogo wa udongo uliojengwa juu ya meza, akaumwangia maji kwa birika. Udongo ukapasuka juu, vijiti vilivyopandwa kama miti vikainama, na maji yaliyotoka chini yakawa rangi ya chai ya maziwa.

"Mukiona hivi, musingojee mvua iishe," akasema. "Na musikimbie chini. Chini njo udongo iko naenda. Mukimbie kando."

Niliandika yote. Nyumba yetu kule Kingi iko chini ya mulima wa namna ile, na koko wangu, mama ya Papa, analala chumba cha nyuma, kinachogusana na mulima. Masikio yake ni mazito. Juu ya shamba letu la ndizi kuna ufa, lakini Papa anasema ni wa jua tu.

Halafu likaja zoezi. Muntu mumoja anapita nyumba kwa nyumba kuamsha wengine. Prof, mwalimu wetu, akanichagua mimi, sababu niko na mbio na sijui kusema hapana. Mimi ambaye asubuhi nikiitwa jina klasini, jirani yangu wa benchi njo ananijibia. Wenzangu wakaingia katika vibanda vya turubai nyuma ya nyumba, wakajifanya wamelala. Wengine walikoroma kwa makusudi.

Yule mama akapuliza filimbi. Nilikimbia vizuri kabisa mpaka kibanda cha kwanza. Hapo nikasimama, nikanyoosha sketi, nikasema, "Hodi."

Wakazidi kukoroma.

"Hodi," nikasema tena, na nikarudi nyuma kidogo, muntu asifikiri ninachungulia.

"Nani?" kijana mumoja akauliza kutoka ndani.

"Ni miye."

"Karibu, dada. Lakini vua viatu, iko na matope."

Turubai lote likatikisika kwa kicheko. Hata prof aligeuka kuangalia ng'ombe wa watu. Yule kijana akatoa kichwa inje. "Tumekufa wote, dada. Ila tumekufa na heshima."

Mama yule pia alicheka, mpaka akapangusa macho. Kisha akasema polepole, "Ule mulango muliona ni wa baba yangu mudogo. Jirani alifika pale. Alipiga hodi, hakuna aliyejibu, akafikiri wameisha kutoka." Akanipulizia filimbi tena. "Rudia."

Nilirudia. Sauti yangu ilitoka kama ya mbuzi, lakini ilitoka.

Nilipofika nyumbani, koko alikuwa amejilaza chumba chake cha nyuma. Nikasukuma mulango bila kubisha, nikapiga kelele, "Koko, mulima unashuka, tutoke."

Yeye ambaye kila neno tunamurudilia alisikia mara moja. Alikuwa ameisha kukaa, kiatu kimoja muguuni.

"Unaingia kwa muntu bila hodi? Njo wanawafundisha vile sekondari?"

Nikamuelezea yote katika sikio: mulango, maji ya rangi ya chai, kukimbia kando.

"Kando na hii miguu," akasema. Akafikiri kidogo, halafu akamuita Papa. "Peleka kitanda changu chumba cha mbele. Wewe mwenye ufa wa jua, njoo ulale huku."

Papa alichukua jembe, akapanda kuangalia ule ufa, akakawia huko. Aliposhuka alianza na kitanda cha koko. Cha kwake hakukigusa.

Sasa sisi wote tunabanana mbele, na nyuma kunalala viazi.