Fundi Evaristi na Mtoto Mgongoni

Baba mkwe wangu, fundi Evaristi, tumemzika hapa Kasulu kabla mvua hazijaanza. Msibani watu walisema alikuwa mpole. Si sana. Nilishamwona akikataa kumtengenezea meza bwana mmoja, kisa huyo bwana kampiga mwanawe kibao mbele ya banda lake.

Mimi ndiye sikuwa mpole kabisa. Naitwa Felisiani, wa Busunzu. Shule niliishia la nne, na nadhani walinipandisha hilo la nne ili wasinione tena la tatu.

Evaristi alitoka Burundi mwaka sabini na mbili, yeye na mkewe Esteri na watoto, randa yake ameizungushia blanketi. Akajenga banda karibu na stendi, akawa anatengeneza vitanda na milango ya mninga. Sasa kituko chake: Esteri akienda shamba, yeye ndiye anabaki na kitoto. Anakifunga mgongoni kwa mbeleko, anapiga randa. Kitoto kinayumba naye mbele na nyuma mpaka kinalala, nywele zimejaa vumbi la mbao. Jioni mteja akimwomba amalizie mlango, anakataa kwa Kirundi chake, "Oya, wanangu wananingoja," anafunga banda. Mjini kwetu mwanaume kubeba mtoto mgongoni, afadhali aonekane hana suruali.

Vijana wa stendi tulimcheka, na kinara ni mimi, utingo wa lori la Kibondo. "Mama Evaristi, ugali umeiva?" nampigia kelele kutoka juu ya magunia. Yeye anapuliza maranda tu.

Halafu nikamwona binti yake mkubwa, Niyonsaba, akimletea chakula. Nikanyamaza kama redio iliyoishiwa betri.

Kwetu kijana anayeposa hafungui mdomo. Anaangalia vidole vya miguu yake, mshenga ndiye anasema. Mshenga wangu alikuwa Mzee Gharibu mwenye duka, maana mji mzima ni yeye tu sijawahi kugombana naye. Tulipoketi kwa Evaristi akaanza vizuri: "Tumekuja kuomba uhusiano. Kijana wetu ni mchapakazi, tena mtulivu..."

Shangazi yake Niyonsaba akaangua kicheko. "Mtulivu? Si ndiye huyu alipigana na muuza maembe, eti embe lilikuwa bichi?"

Nikasimama. "Lilikuwa limeoza!"

Mposaji kaongea mwenyewe. Mzee Gharibu akajifunika uso kwa kofia. Mama Esteri akasema, "Yoo," kama anaona maiti inapita.

Evaristi hata hakuniangalia. Akamwambia mshenga, utafikiri mimi niko Dodoma: "Mwambie kijana wako, binti yangu haolewi na ngumi. Kesho ni soko. Aje ambebe kitindamimba wangu Winifrida mgongoni, amzungushe soko lote. Akipigana njiani, hapa asirudi tena."

Mzee Gharibu akanigeukia. "Umesikia?"

"Nimesikia, si nimekaa hapa!"

"Mwanangu, nakuomba. Usiongee."

Kesho yake Mama Esteri akataka kunifunga mbeleko. Nikakataa, nikajifunga mwenyewe, mjuaji. Winifrida alikuwa wa mwaka mmoja tu, lakini mzito kama gunia la chumvi. Kabla sijafika kwenye maharage fundo limeanza kulegea. Nikarudisha mikono yote miwili nyuma, nikashikilia.

Hapo akatokea Dadi, utingo mwenzangu. "Jamani, Mama Felisiani! Huyo ananyonya saa ngapi?" Wamama wa maharage wakacheka mpaka wakashika matumbo. Winifrida naye akaona ndiyo saa nzuri ya kunikojolea. Dadi akanivua kofia, akaivaa yeye, akaanza kutembea anatikisa makalio kama mama mwenye mtoto.

Damu ikapanda. Siku nyingine angekuwa anaokota meno kwenye magunia. Lakini nikitoa mkono mmoja tu, mtoto wa watu yuko chini. Nimesimama pale kama kuku aliyefungwa mabawa, natoa macho tu.

"Dadi," nikasema, sauti yenyewe sijui ilitoka wapi, "tafadhali, nikazie hapa nyuma. Anaanguka."

Dadi akaacha kutikisa. Akaja nyuma yangu, akaangalia, akasonya. "Nani kakufunga hivi? Mjinga wewe. Mimi nimelea wadogo zangu wote, inama." Nikainama katikati ya soko. Akafungua, akafunga upya, akakaza mpaka pumzi ikanipaa. Kofia hakunirudishia.

Nilipofika bandani Winifrida amelala, na habari zimeshatangulia. Evaristi akaweka randa chini. Kwa mara ya kwanza akaongea na mimi mwenyewe.

"Nimesikia ulipata matusi na hukumpiga mtu."

Ningekaa kimya angenisifu. Lakini mdomo wangu mnaujua. "Baba, mikono ilikuwa imeshika fundo."

Akacheka mpaka akakaa kwenye mbao. Akafuta machozi, akamwita mkewe: "Mama Niyonsaba, mwite Mzee Gharibu arudi. Aingie peke yake. Huyu abaki nje na mtoto."

Basi posa yangu ikakubaliwa ndani, mahari ikapangwa ndani, vigelegele nikavisikia ukutani. Mimi niko uani, nanuka mkojo, nimeinama, maana kila nikisimama wima Winifrida anaamka.