Laini za Chaki Nyuma ya Mlango

Mama alikuwa akifumba macho wakati vidole vyake vinapanda ukuta. Kama angekuwa anaangalia, nisingeweza kufanya nilichofanya.

Ilikuwa Novemba, tumefunga shule, nimemaliza kidato cha pili. Mama alikuwa na miezi minne bila kuinua mkono wa kulia. Hakuweza kujichana wala kufunga sidiria. Mimi ndiye nilikuwa namfunga, nikiangalia pembeni, kwa sababu nina haya hata na mama yangu. Mbaya zaidi, hakuweza kusukuma mashine ya kufuma. Sweta za shule anazofumia watu wa Kitengela hutakikana Januari, na mashine ile husukumwa kulia na kushoto siku nzima. Jirani wa mlango wa tatu kwa ploti yetu alipoambiwa hospitali wamesema bega limeganda, alicheka hadi akaweka beseni chini.

"Limeganda? Kwani ulikuwa unalala kwa friji?"

Kule hospitali Kajiado, mtu wa fizio, wa mazoezi ya viungo, alikuwa mzee mpole. Alimsalimia Mama kwa Kimaasai, "Takwenya", na kungoja mpaka ajibu "Iko", ingawa sisi ni Wakamba. Alitupa kazi mbili za asubuhi na jioni. Kwanza nimvute Mama mkono kwa nyuma na taulo, polepole. Halafu asimame karibu na ukuta, vidole vipande juu yake kama buibui, na mimi nipige laini ya chaki pale vinapoishia.

"Mimi siwezi kuja huko kwenu," aliniambia. "Wewe ndiye utaniangalilia. Wiki mbili. Laini zikipanda, endeleeni tu mpaka mwezi uishe. Zikikataa, mrudi mara moja, daktari amdunge sindano kwa bega. Tumeelewana?"

Niliitikia kwa kichwa.

Siku nne za kwanza, kwa ukuta wa nyuma ya mlango wetu, chaki ilirudi palepale. Taulo ndiyo iliyonishinda. Nikivuta, Mama anatoa sauti ambayo sikuwa nimewahi kusikia kwa mtu mzima, na watoto wa ploti wanamwiga huko nje, "Uuui! Uuui!" Ningependa kuandika kwamba nilimhurumia. Nilimhurumia, lakini aibu ndiyo iliyokuwa ikiniendesha mikono. Nikaanza kuvuta kidogo tu, kuvuta kwa uongo. Na siku ya tano, Mama akiwa ameegemeza paji la uso ukutani, nikachora laini vidole viwili juu ya pale alipofika.

"Nimefika wapi?"

"Umepita ya jana."

"Wacha!" Akafungua macho, akaangalia, akacheka. "Unaona? Na siku hizi hata huniumizi."

Baada ya hapo ningeachia wapi? Kila siku niliongeza kidogo. Wiki mbili zikaisha laini zimepanda, kwa hivyo hatukurudi Kajiado. Mama akaambia wenye sweta wangoje, mkono unarudi. Mchana mmoja nilimkuta anajaribu mashine, ameuma leso, machozi yanamtoka.

Mwisho wa mwezi tulipanda gari, tukapita Kisaju, Mama amevaa nguo ya kanisa. "Daktari, nimepanda karibu shubiri mbili!" alisema hata kabla ya kukaa. Mzee akaweka kipimo chake cha plastiki begani, akainua mkono mpaka ukakataa. Akafungua faili. Akapima tena.

"Mama, hapa ni palepale. Hata umerudi nyuma kidogo. Hizo laini zilikuwa zinapigwaje?"

Niliangalia viatu vyangu. Mama akajibu, na hakuwa ananificha, aliamini anachosema.

"Mtoto alikuwa anapiga vizuri. Kosa ni langu. Pengine nilikuwa nasimama kwa vidole vya miguu bila kujua. Unajua mtu akitaka kupona... Nisamehe."

"Pole. Ungekuja ile wiki ya pili, ungekuwa umeshadungwa. Sasa umeteseka bure."

Sindano ilikuwa ndefu. Daktari wa kudunga alimwambia asiiangalie, kwa hivyo akaniangalia mimi. Nilimshika mkono ule mzima.

Baada ya siku chache maumivu yalipungua. Asubuhi moja, taulo ikiwa mgongoni mwake, akasema, "Leo vuta kabisa, naweza." Hapo ndipo ukweli uliponitoka.

"Mama, hukusimama kwa vidole. Laini zilikuwa za uongo. Ni mimi."

Hakunipiga. Alikaa ameshika ncha ya taulo.

"Na mimi nikaomba mzee wa watu msamaha," alisema mwishowe. "Na wewe uko hapo, unaniangalia tu."

Sweta za Januari zilifumwa na mama mwingine. Tuliporudi Kajiado, mkono wake ulikuwa unafika usawa wa sikio. Mama alinisukuma mbele. "Daktari, huyu ako na neno."

Nilisema yote nikiangalia meza. Mzee hakunikaripia. Hata hakuongea na mimi. Alimgeukia Mama.

"Nyumbani uko na mtu mwingine wa kukupigia laini?"

Mama aliniangalia.

"Niko na huyu tu," akasema.