Bega la Dugald

Dugald Currie alifanya kazi katika kiwanda cha wiski cha Lochanfada tangu ujana wake mpaka siku milango ilipofungwa. Kazi yake ilikuwa kupindua shayiri iliyotandazwa sakafuni ichipue. Aliipindua kwa koleo la mbao, asubuhi na jioni, isije ikashikana mizizi. Koleo hilo lilimwachia bega moja lililoshuka. Mkewe, Dolina, alikuwa hodari wa sindano. Kila koti alilitilia pamba upande huo, ili mumewe aende kanisani amenyooka kama wanaume wengine.

Kiwanda kile walikijenga babu zetu, kikafa miaka wiski ilipokosa wanunuzi. Pipa la mwisho likatiwa kwenye chupa, nasi wafanyakazi tukagawiwa moja moja. Wengi tulizimaliza kabla theluji haijayeyuka. Dolina aliiweka ya kwao kabatini.

Miaka ikapita, na wiski ya Lochanfada ikawa kitu cha kusakwa. Bwana mmoja mkusanyaji, Pringle, akavuka kwa feri kutoka bara, nikampeleka kwa akina Currie.

"Mama, nasikia mnayo chupa ya pipa la mwisho."

"Ipo," Dolina akasema. "Ila imepungua."

"Mmeinywa?"

"Ainywe nani? Huyu mzee, daktari kamkataza. Namchulia bega, baridi ikizidi."

Pringle akaketi bila kukaribishwa. Dugald akacheka mpaka akakohoa.

"Usimlaumu, bwana. Bega hili ndilo lililoitengeneza. Limekuja kudai haki yake."

Pringle akaomba auziwe hicho kilichobaki, naye atawaletea dawa nzuri ya kuchulia. Dolina akamtazama mumewe.

"Wasemaje, mzee?"

"Mimi sina neno. Mikono ni yako."

"Basi haiuzwi," Dolina akamwambia mgeni, kwa upole. "Dawa ya duka hunuka duka. Hii hunukia yeye, alivyokuwa akirudi kutoka kazini."

Hata hivyo hakumwacha aondoke mikono mitupu. Alimmiminia kidogo katika kikombe cha chai. Pringle akanywa taratibu, machozi yakamlengalenga, kisha akamwuliza Dugald shayiri ilikuwa ikipinduliwaje. Mzee akainuka, akashika ufagio kumwonyesha.

"Kaa chini wewe," Dolina akasema. "Utaliamsha hilo bega."

Chupa ilikwisha majira ya baridi yaliyofuata. Dolina akaendelea kumchua kwa mafuta ya kondoo, na Dugald hakusema hata siku moja kwamba hayasaidii.