Lebo Nilizozibandua

Mimi napenda vitu vipendeze, na hilo ndilo lililoniponza. Kwenye kiduka changu cha Malindi nnapanga masinia ya zawadi za biharusi: kanga, sabuni, udi, na vichupa vya plastiki vya manukato ya kupuliza, vile vilivyojazwa gesi.

Mwaka jana alipita mkaguzi, mwanamke mpole, akanisomea karatasi nzima: chupa yenye gesi isikae juani wala karibu na moto, isitobolewe, na lebo yake yenye picha ya mwali wa moto isiondolewe. "Naam, naam," nikamjibu, nikaitia karatasi kwenye droo. Moyoni nikasema, huyu naye hana kazi. Khaa! Nani atapeleka picha ya moto kwenye sinia la harusi? Nikaendelea kuzibandua lebo kwa maji ya uvuguvugu na ukucha, nafunga utepe wa dhahabu mahali pake.

Kisha akaolewa mtoto wa dada yangu, huko Mtoni. Sinia lake nililipamba kuliko yote. Siku ya tatu ya harusi akawa anafukiza nguo zake kwa udi, kama tunavyofanya sote, na vitu vyake vya kunukia kaviweka pamoja, kichupa kimeegemea chetezo chenye makaa. Akainama kugeuza nguo, kichupa kikapasuka. Daktari akasema jicho la kulia halitaona tena.

Nlikwenda kumtazama nimekusudia kusema. Wallahi nlikusudia. Nikamkuta kitandani, hina bado imekoza mikononi, bendeji nusu ya uso. Dada yangu kasimama mlangoni na bakuli la uji.

"Mama mdogo," akaniambia, "mume wangu ananiambia mzembe, sikusoma maandishi. Mimi nakumbuka hakikuandikwa kitu. Au kiliandikwa, nikapuuza?"

Nilimtazama dada yangu, nikaogopa, mtu mzima mimi, nikaogopa.

"Pengine kiliandikwa, mwanangu."

Nimejichukia tangu hapo, na sala zangu sijui zinafika wapi.

"Basi ni mimi," akasema. Akanishika mkono, ule ule wenye kucha nilizobandulia, akaniomba radhi kwa kulitia nuksi sinia langu.