Neno Nililomnyima Tata Mbuyi

Taabu ilianza mwaka 1992, nikiwa na miaka ishirini. Ninayoikumbuka zaidi ni siku moja ya mwaka uliofuata, mchana kweupe, hapa Kapata, mtaa wa wafanyakazi wa mgodi. Mgodi ulikuwa umekwama, na majirani zetu wa asili ya Kasai, jimbo jingine, walikuwa wakifukuzwa na vijana wenye marungu kwenda stesheni ya treni, vifurushi kichwani. Safu yetu ya nyumba za kampuni ilibaki milango wazi.

Alibaki Tata Mbuyi, yaani Baba Mbuyi, fundi wa mashine, Mkasai naye. Mwanangu, yule alikuwa mtu wa vituko. Aliwapigia mbuzi saluti na kuwaita shefu, yaani mkubwa. Vijana wenye marungu walimwacha kwa sababu aliwachekesha. Lakini sasa alianza kubisha hodi kwenye nyumba tupu.

"Mama Kapinga, mulilala muzuri?"

Aliingia, na kutoka chumba kile kitupu sauti ya Mama Kapinga, jirani aliyekwisha kufukuzwa, ilijibu: "Muzuri, tata. Chai iko." Nilijua anaiga. Hata hivyo nilichungulia, maana hata kikohozi cha mama yule kilikuwemo.

Vijana walisikia. Wakanigeukia mimi, jirani.

"We, huyu muzee anasemaka na nani mule?"

Tata Mbuyi akatokea mlangoni, anacheka. "Mwana, ubaambie. Mi ni mutu wa bituko tu."

Ningekubali neno hilo, wangecheka, wangepita. Lakini nilitaka wanione mwenzao. Nikasema, "Anaitaka bale balikufa."

Waliposikia kwamba anaita wafu, kama mchawi, kicheko kilikatika. Kwanza walirudi nyuma, wakimwogopa. Kisha wakamkimbiza stesheni bila viatu. Akipita mbele yangu alinitazama, akasema taratibu: "Anaitaka bale balikufa." Ilikuwa sauti yangu, mwanangu. Yangu kabisa.

Alifia njiani, ndani ya behewa.

Mi niliishia darasa la tatu, lakini hili nalijua kuliko wenye diploma. Mtu wa vituko anafanya mambo ya ajabu ili moyo wake usivunjike, na wako pia. Mwite hivyo, kwa sauti, hasa siku watu wanapomtafutia jina baya. Kama unamwogopa, basi funga mdomo.

Mungu akupe ulimi usiotetemeka mbele ya marungu.

Leo nina mashine ya kusaga mahindi, baiskeli mbili, bata kumi na nyumba mbili, vyote kwa jasho langu. Nyumba ya pili ilikuwa ya Tata Mbuyi; niliinunua kampuni ilipouza nyumba zake. Siipangishi.